Niliichoma Kadi ya Dada Yangu

Nina miaka arobaini na minne. Nilisoma hadi kidato cha nne, nina mke na watoto watatu niliowaacha Nairobi, na haya nayaandika katika chumba cha kupanga mjini Nakuru. Huu ni mji wa tatu tangu mwaka jana. Sikai mahali. Miezi miwili mitatu ikipita, miguu huanza kuniwasha, nafunga sanduku.

Wanaonijua watasema hiyo ni tabia yangu ya tangu ujana, na hawasemi uongo. Lakini zamani nilisafiri kutafuta. Siku hizi nakimbia... Namkimbia mwanamke mmoja tu, tena hanifukuzi wala hanitafuti. Ni dada yangu mdogo, Rispa.

Wasomaji wenzangu, msinihurumie. Nina hasira ambayo haijapoa, na sehemu yake itawaangukia watu mtakaowasoma humu. Nyingi itaniangukia mimi mwenyewe.

Sisi tulizaliwa magharibi lakini tukalelewa Makongeni, katika nyumba za reli, kwa sababu baba alikuwa mtu wa reli. Makongeni ya siku zile! King'ora kikilia, mtaa mzima ulijua ni saa ngapi, na mama yeyote aliweza kukuchapa ukikosea, kisha akakupa chai. Mimi nami niliingia reli, nikawa karani wa simu za upepo, nikajifunza kupiga taipu bila kutazama vidole. Nilikaa Voi, nikakaa Kisumu, nikaacha, nikaenda Mombasa, nikaacha. Nilikuwa na vidole vyepesi na moyo usiotulia.

Miaka ya themanini ilipofika katikati, nilirudi Nairobi nikiwa na familia, tukapanga nyumba ya vyumba viwili katika mtaa wa Tena. Rispa alikuwa amefiwa na mumewe na kuachiwa watoto wawili. Aliishi Mukuru kwa Reuben katika chumba cha mabati, na kila alfajiri alivuka barabara kwenda kufanya kibarua katika kiwanda kimoja cha blanketi, Industrial Area. Ni yeye aliyeniletea habari kwamba kiwanda kimenunua kompyuta na kinatafuta mtu anayejua taipu.

Ndiyo. Ile kazi niliipata kwa mdomo wa dada yangu. Likumbukeni hilo mnaposoma yanayofuata.

Kompyuta yenyewe ilikuwa sanduku kubwa la chuma katika chumba chenye baridi, na vioo vinne vya kuandikia vilivyounganishwa nayo kwa waya. Iliendeshwa na mfumo uitwao Unix. Mhandisi wa waliotuuzia alinifundisha majuma mawili, akaenda zake. Yaliyobaki nilijifunza kwa kuumia.

Kioo kikikwama, nilijifunza kuingia kwa kioo kingine, kuitafuta ile kazi iliyokwama na kuiua. Mashine ya kuchapa ikikataa, nilijifunza kuisafishia foleni na kuanza upya. Diski ikijaa, mashine iliandika kwa Kiingereza kwamba hakuna nafasi, nami nilijifunza kuingia katika sehemu ya mafaili ya takataka na kuyafuta yote. Kila dawa niliyoigundua niliiandika katika daftari la shule. Juu naandika, Ikitokea hivi. Chini yake, Fanya hivi. Wenzangu wakaniita Daktari... Nami nikalewa jina hilo!

Katika mfumo huo kila mtu hupewa jina lake la kuingilia. Lakini lipo jina moja kubwa, na anayeingia kwa jina hilo haambiwi hapana. Ukiamuru futa, inafuta. Haikuulizi kama una hakika, na kilichofutwa hakirudi. Mhandisi alituonya tusilitumie ovyo. Tulimsikiliza? Mtu ataingia kwa jina dogo, akataliwe hili na lile, atoke, aingie tena? Tulikuwa na haraka sisi. Niliingia kwa jina kubwa kila asubuhi na kuliacha wazi hadi jioni, na yeyote aliyeketi kitini pangu alifanya kazi kana kwamba ni mimi.

Aliyeketi mara nyingi alikuwa Musyoka.

Huyu Musyoka alikuwa karani wa stoo, mtu wa upande wa Machakos, mtoto wa mchonga vinyago. Alikuwa jirani yangu Tena, tukiimba besi pamoja kanisani, na mke wake na wangu walikuwa chama kimoja cha akina mama. Alikuwa na mdomo mtamu. Kila asubuhi alichungulia mlangoni na kusema, "Niaje Daktari, mgonjwa ameamkaje?" Nikimwambia mgonjwa anakohoa, husema, "Mdunge sindano, buda, ama tumpeleke ocha, kijijini kwao, akazikwe." Tulicheka sana. Nilimfundisha kila nilichojua. Nilimpenda kama ndugu wa tumbo moja.

Sasa nije kwenye kadi.

Vibarua wa kiwanda kile walikuwa zaidi ya mia mbili, wengi wao kutoka Mukuru. Kila mwaka kila mmoja alipewa kadi iliyopigwa muhuri langoni kila siku aliyofanya kazi. Sheria ya kiwanda ilikuwa kwamba kibarua akitimiza miaka mitatu bila kukatika, anaandikwa kazi ya kudumu. Kazi ya kudumu! Ni likizo, ni matibabu, ni mtoto kusoma bila kufukuzwa. Watu walizitunza zile kadi kama vyeti vya ndoa.

Meneja alitaka hesabu ya siku zote iingie katika kompyuta, kadi zikusanywe zisitumike tena, kwa sababu alidai baadhi ya watu wanaghushi mihuri. Vibarua wakagoma kuzitoa. Meneja akanituma mimi nikawatulize, kwa kuwa nilijulikana na nilikuwa na dada kati yao.

Nilisimama uwanjani saa ya chakula nikawahutubia. Niliwaambia karatasi hulowa, huliwa na panya, huungua nyumba zikiungua, lakini mashine haisahau. Wengi walishawishika. Rispa hakushawishika.

Ilinibidi nimfuate nyumbani kwake Jumapili. Alizitoa kadi zake tatu kutoka chini ya godoro, zimefungwa kwa kitambaa cha kichwa, akazipakata magotini. Nilibembeleza. Nilimwambia ananiaibisha, kwamba watu watasema hata dada yangu haniamini. Akaniambia, "Kaka, kadi hii nikiipoteza, ni mimi nimeipoteza. Mashine ikipoteza, nitamuuliza nani?"

Nikamjibu, "Utaniuliza mimi."

Akanipa.

Niliziingiza zote katika kompyuta, jina kwa jina, kwa muda wa majuma matatu, na niliziingiza kwa uaminifu. Kisha nikazipakia kwenye mkokoteni na kuzipeleka kwenye tanuri la mvuke. Hakuna aliyenilazimisha kuzitupa mwenyewe, wafanyakazi wa tanuri walikuwapo. Lakini Daktari alitaka kuonekana! Nilizitupa vifurushi kwa vifurushi, na cha Rispa nilikitambua kwa kile kitambaa, kwa maana nilikuwa nimekifunga tena baada ya kumaliza. Nilikitupa pamoja na kitambaa chake.

Zikapita siku, mambo yakaenda vizuri. Kila Ijumaa nilinakili mafaili yote kwenye mkanda, nikaandika tarehe juu yake kwa mwandiko wangu mzuri, nikaufungia katika kabati la chuma. Hiyo ndiyo ilikuwa kinga yetu. Mashine hata ikiungua, mkanda upo.

Halafu mama mkwe wangu akafariki, huko Bungoma. Mnajua mazishi ya kwetu. Mkwe haendi kutupa udongo na kurudi. Anakaa, anachinja, anaonekana. Niliomba ruhusa ya siku tisa. Rispa alikuwa amebakiza majuma matano atimize miaka mitatu, na aliniambia nikirudi nimletee kuku wa kienyeji, apike siku atakayopewa barua.

Ijumaa saa sita mchana nilimkabidhi Musyoka kiti, daftari, na neno la siri la lile jina kubwa. Nilimwonyesha namna ya kunakili mkanda. Nilimwambia mashine ikilalamika haina nafasi, na kila Ijumaa ililalamika, afungue daftari afuate dawa. Sikutoka katika lile jina. Niliinuka yeye akaketi, kiti kingali na joto.

Niliporudi, askari wa lango aliniambia nisiingie kazini, niende moja kwa moja kwa Meneja.

Nilimkuta Musyoka ameketi humo ndani, shati jeupe limepigwa pasi. Hakunitazama. Meneja alinieleza kwamba orodha yote ya vibarua haimo katika kompyuta. Majina hayamo, siku hazimo. Akamtaka Musyoka arudie alichosema, na ndugu yangu wa besi akafungua mdomo wake mtamu.

"Mimi nilikuta hivyo, bosi. Daktari alikuwa na msiba, alikuwa na haraka. Nadhani alifuta akiondoka, bila kujua."

Bila kujua! Hata uongo wake aliupaka asali. Nilihisi damu ikinipanda hadi machoni.

Nilijua mara moja kilichotokea, kwa sababu niliiandika dawa ile mimi. Ilikuwa na hatua mbili. Kwanza uingie katika sehemu ya takataka, pili ufute kila kilichomo. Musyoka alikuwa ndani ya sehemu ya orodha ya vibarua, akiingiza siku za juma lile. Mashine ikalalamika haina nafasi. Akafungua daftari, akaruka hatua ya kwanza, akapiga ya pili pale pale alipokuwa. Sekunde moja... Miaka mitatu ya watu mia mbili ikaisha.

Ningethibitishaje? Mashine iliandika kwamba jina kubwa liliingia asubuhi ya Ijumaa na halikutoka hadi jioni, lakini haikuandika saa ya kufuta. Jina lilikuwa moja, wenye kulitumia wawili, na mmoja alikuwa amekwenda mazishini.

Lakini sikutishika. Mtaniamini nikisema nilicheka? Nilimwambia Meneja apigie simu mhandisi, kwamba kabla ya saa kumi orodha itakuwa imerudi, kisha tutajua nani mwongo. Nililibeba sanduku la mikanda mwenyewe, nikaliweka mezani kwa kishindo ili Musyoka asikie.

Mhandisi akaingiza mkanda wa mwisho. Mtupu. Akaingiza wa juma lililotangulia. Mtupu. Aliendelea, nami nikisimama nyuma yake nikisoma mwandiko wangu mzuri juu ya kila mkanda. Mitupu yote, kurudi nyuma hadi Ijumaa ya kwanza baada ya kadi kuchomwa!

Alinieleza polepole kama mtu anayemweleza mgonjwa. Miezi mingi nyuma, kabla ya kadi kukusanywa, mashine ya mikanda iliharibika wakatuletea nyingine. Ile mpya ilikuwa na jina tofauti ndani ya mfumo. Mimi niliendelea kuandika jina la zamani katika amri yangu. Kompyuta haikuona kifaa chenye jina hilo, basi ikatii kwa njia yake. Ilitengeneza faili la kawaida lenye jina hilo ndani ya diski yenyewe, ikayarundika mafaili yote humo. Mkanda ulipoingizwa taa iliwaka, nami nikaamini taa.

Na diski ilikuwa ikijaa kila Ijumaa kwa sababu ya rundo hilo.

Mmeelewa? Kila Ijumaa ile mashine ilinililia. Ilisema nafasi imeisha, siwezi kumaliza kunakili. Nami, Daktari, nilikuwa na dawa yake daftarini. Nilifuta takataka kidogo, nikanyamazisha kilio, nikaandika SAWA kwenye kitabu. Sikuwahi hata siku moja kujiuliza kwa nini ilie siku ileile ya juma. Sikuwahi kuchukua mkanda mmoja nikajaribu kuusoma. Mimi niliyelelewa na reli! Kule reli, karani akipokea namba ya treni kwa simu lazima amrudishie aliyeituma, neno kwa neno, ndipo treni iruhusiwe kuondoka. Nilifanya hivyo miaka kumi. Nilipopewa mashine, nikajiona nimevuka mambo ya kurudia rudia.

Mhandisi alipofungua lile rundo, tukapata matumaini kidogo. Hesabu ya pamba na nyuzi ilikuwamo. Majina ya mameneja na ya wenye kazi za kudumu yalikuwamo, salama. Lakini vibarua niliwaweka mwisho katika mpango wa kunakili, na nafasi iliisha kabla zamu yao haijafika. Kila Ijumaa iliisha kabla ya zamu yao.

Meneja hakupiga kelele. Aliniambia hahitaji kujua nani alifuta, kwa kuwa aliyefuta alifanya kosa la siku moja. Nikafutwa kazi palepale. Vibarua wote wakaambiwa wahesabiwe upya, siku ya kwanza ni kesho. Wanyapara walijua fika nani ameanza lini. Nyapara wa Rispa alikwenda kumtetea, na Meneja akamjibu kwamba akimkubali mmoja bila karatasi atawakubali mia mbili. Karatasi gani? Karatasi nilikuwa nimezichoma mimi.

Jumapili Rispa alikuja kwangu Tena. Alikuja kwa miguu kutoka Mukuru, na alikataa kuketi. Mke wangu alimletea chai, akakishika kikombe bila kunywa.

"Nimekuja kukuuliza," alisema.

Nikaanza kumweleza habari za Musyoka. Nilimweleza kwa hasira, nikitembea chumbani, nikimwita Musyoka nyoka, msaliti, muuaji wa wajane. Nilieleza hatua ya kwanza na hatua ya pili. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa na pumzi.

"Musyoka sikumpa kadi yangu," akasema. Akaweka kikombe mezani, akaondoka.

Sikumfuata yeye. Mwanamume mwenye akili angemfuata dada yake. Mimi nilikwenda nyumbani kwa Musyoka, nyumba ya nne kutoka kwangu, nikamvuta kwa ukosi wa shati mbele ya mkewe na wageni wa kanisa. Nilimtaka twende kwa Meneja aseme ukweli. Alikiri. Aliniambia wazi alifuta yeye, na kwamba alikaa pale mbele ya kioo, akatamani kunipelekea simu Bungoma, akaogopa. Ana watoto wanne. Kisha akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Mimi nilikosea mara moja, Daktari. Wewe ulikosea Ijumaa ngapi?"

Nilimpiga kofi. Watu wakatutenganisha. Sijui kama nilimpiga kwa uongo wake au kwa kuwa hapo alisema kweli. Hadi leo ninapoandika, ndiye anayeketi katika kiti kile, na namchukia. Namchukia kwa kunitazama siku hiyo kuliko kwa kutonitazama siku ile ofisini.

Basi msidhani mkasa uliishia hapo. Baada ya miezi minne kazi ikapungua kiwandani. Wakatoa amri ya kuwapunguza vibarua wote wasiotimiza mwaka. Kwa karatasi za mashine, hakuna kibarua aliyetimiza mwaka. Wakachagua waliowataka na kuwaacha wengine. Rispa aliachwa. Angekuwa na kazi ya kudumu tangu miezi mitatu kabla, asingeguswa! Mtoto wake mkubwa, aliyekuwa darasa la saba, alitoka shule.

Nikaanza kusafiri tena. Eldoret, Thika, sasa Nakuru. Nafanya kazi za taipu, na mahali penye kompyuta sikanyagi.

Mwezi uliopita nilipita Nairobi. Nilisikia Rispa anashona mikanda ya ngozi katika soko la Kariokor, kwa fundi wa viatu vya tairi. Nilikwenda. Nilimkuta ameketi juu ya kigoda, sindano kubwa mkononi, vidole vimefungwa vitambaa. Amekonda. Nilisimama mbele yake, nikasahau yote niliyopanga kusema njia nzima.

Aliinua macho, akanitazama sawasawa. Hakukasirika. Laiti angekasirika!

"Karibu mteja," akasema. "Unavaa namba ngapi?"

Nikasema namba yangu. Dada yangu aliyezijua nyayo zangu tangu tukikimbia peku Makongeni akachukua karatasi, akaniambia nikanyage, akanichora mguu kwa kalamu kama anavyomchora mtu yeyote apitaye. Akaniambia vitakuwa tayari Alhamisi. Nililipa, nikaondoka. Sikurudi kuvichukua.

Ndugu wasomaji, najua wachache wenu mna kompyuta kazini, lakini zinakuja, na mtaambiwa kama nilivyowaambia wenzangu kwamba hazisahau. Mkikabidhiwa mashine, kila mmoja aingie kwa jina lake, hata kama mnapendana namna gani. Tatizo likirudi siku ileile kila juma, msilitibu, liulizeni linataka kusema nini. Ukiweka akiba kwenye mkanda, itoe uione kwa macho yako kabla hujaandika kwamba ni sawa.

Na zaidi ya yote, nawaomba... Mtu maskini akipakata karatasi yake magotini akakataa kuitoa, mwache nayo. Usimbembeleze. Usimwambie atakuuliza wewe. Kuna siku atakuja kukuuliza, amesimama, hataki chai, nawe utakuwa huna la kumjibu.